Maswali ya Wasomaji: Lifti Ipo, Lakini Mama Ataifikiaje?

Katika toleo lililopita tuliwaomba wasomaji watuletee maswali kuhusu stesheni za treni na abiria wenye ulemavu. Barua nyingi zimetoka Dar es Salaam, jambo lisiloshangaza, kwa kuwa ni mji wenye treni zinazopita kwenye reli za vipimo vitatu tofauti: reli ya kati ya zamani yenye upana wa milimita 1,000, TAZARA yenye milimita 1,067, na reli ya kisasa ya SGR yenye milimita 1,435. Anayejibu ni mwandishi wenu wa siku zote, ambaye hutembea kwa magongo mawili tangu alipougua polio utotoni, na ambaye kwa hiyo hawezi kujifanya hana upande katika jambo hili.

Shikamoo Mzee. Mama yangu alipata kiharusi mwaka juzi na sasa anatumia kiti mwendo. Mdogo wake anaoza binti Dodoma, na mama amesema lazima ahudhurie, tena aende kwa treni ya umeme kwa sababu basi linamuumiza mgongo. Kila ninayemuuliza ananiambia nisiwe na wasiwasi, stesheni ina lifti. Je, hilo linatosha? (Binti wa Tabata)

Marahaba, mwanangu, na hongera kwa kumsikiliza mama badala ya kumwamulia. Ni kweli kwamba jengo la stesheni ya SGR la hapa Dar es Salaam, lile lililochongwa mithili ya jiwe la tanzanaiti, lina lifti na ngazi za umeme. Hata hivyo, anayekuambia kuna lifti amejibu swali moja kati ya kumi unayopaswa kuuliza. Safari ya mtu mwenye kiti mwendo inafanana na bomba la maji la mtaani: likipasuka mahali pamoja, hata tenki likiwa limejaa, ndoo yako haitapata kitu.

Anza kuhesabu kuanzia kizingiti cha nyumba yenu. Teksi au bajaji itakayowachukua itawashusha wapi, na kutoka hapo hadi mlangoni pa stesheni kuna ukingo wa barabara wa kimo gani? Ukingo wa sentimita 15, ambao wewe unaupanda bila kuuona, kwa mama ni ukuta. Baada ya hapo kuna ukaguzi wa mizigo na abiria, ambapo mashine imepangwa kwa watu wanaosimama na kupita mmoja mmoja kwa haraka. Mwambie mkaguzi mapema kwamba mama atapitia pembeni na kukaguliwa akiwa ameketi, na usikubali avutwe mikono ili asimame. Tiketi utaikata kwa simu, nayo huandikwa kwa kitambulisho cha msafiri, kwa hiyo kitambulisho cha mama kiwe mkononi mwako na si chini kabisa ya begi. Unapochagua kiti, omba kilicho karibu na mlango wa behewa, kwa sababu kiti mwendo cha kawaida ni kipana kuliko njia ya katikati ya mabehewa mengi, na mama atahitaji kuhamishiwa kwenye kiti cha treni mapema iwezekanavyo.

Sasa tuje kwenye lifti yenyewe. Ninakushauri uende stesheni siku moja kabla, peke yako, ukaione kwa macho na kumuuliza mhudumu maswali mawili: umeme ukikatika, lifti hii inaendeshwa na nini, na ufunguo wake hukaa kwa nani? Swali la pili huwachekesha watu, lakini mimi halinichekeshi hata kidogo. Kuna stesheni moja, ambayo sitaitaja kwa jina, niliwahi kufika saa nzima kabla ya safari, nikakuta lifti nzima kabisa, yenye taa na kioo kinachong'aa, ila mlango wake umefungwa na mlinzi mwenye ufunguo amekwenda kula. Nilipanda ngazi kwa makalio, kidato kimoja baada ya kingine, magongo yangu yakiwa yamebebwa na kijana muuza karanga, na treni nikaikosa. Kwenye taarifa za mwaka stesheni hiyo huenda inahesabiwa kuwa na lifti.

Mkishafika jukwaani, kigeuze kiti mwendo kiwe ubavu kwa reli, wala kisielekee reli, na funga breki zote mbili, maana majukwaa mengi huwa na mwinamo mdogo wa kuondoa maji ya mvua ambao jicho haliuoni lakini gurudumu linaujua. Kati ya jukwaa na behewa huwapo mwanya, na mara nyingi pia tofauti ya kimo. Magurudumu madogo ya mbele ndiyo yanayonasa hapo. Wakati wa kuingia, kiti kielekezwe moja kwa moja kwenye mlango bila kukata kona, kiinamishwe kidogo nyuma ili magurudumu madogo yavuke yakiwa hewani, halafu kisukumwe. Wakati wa kushuka, mama atoke kinyumenyume, magurudumu makubwa yakitangulia na wewe ukiwa umetangulia kusimama jukwaani. Mfanye zoezi hilo nyumbani kwenye kizingiti, mara tatu au nne, ili siku yenyewe msijifunzie mbele ya abiria wenye haraka.

Ninakuja sasa kwenye jambo ambalo watu huona haya kuliandika gazetini, nalo ni choo. Safari ya Dodoma kwa treni ya umeme huzidi saa tatu, na wanawake wengi ninaowafahamu wenye viti mwendo hujinyima maji tangu usiku wa kuamkia safari, kwa kuogopa kwamba mlango wa choo cha behewa hautapitisha kiti. Kwa mtu aliyepata kiharusi, kujinyima maji ni hatari. Mpeleke msalani stesheni kabla ya kupanda, muulize mhudumu wa behewa ni choo kipi kilicho kipana zaidi, na beba vifaa vya dharura bila aibu.

Mwisho, kumbuka kwamba stesheni ya SGR ya Dodoma iko Mkonze, nje kidogo ya katikati ya mji. Anayewapokea aje na gari linalofunguka mlango kwa upana na lenye nafasi ya kiti kilichokunjwa, na awe amefika kabla ya treni, wala asiwe wa kupigiwa simu mkiwa mmesimama nje. Mpe mama salamu zangu, na umwambie mwandishi angependa kusikia kama ubwabwa wa harusi ulikuwa na nyama ya kutosha.

Ndugu mwandishi, mimi nauza nguo za mitumba na nilikatwa mguu mmoja kwa ajali ya bodaboda. Asubuhi hupanda treni ya Pugu kutokea Gongo la Mboto, kwa kuwa foleni ya barabarani inanichelewesha. Vidato vya behewa viko juu mno, na kituoni kwetu chini ni kokoto tupu. Vijana hunibeba, nawashukuru. Ila najiuliza, kwa nini wahusika wasijenge mteremko tu yakaisha? (Mfanyabiashara, Gongo la Mboto)

Ndugu yangu, swali lako ni fupi, lakini jibu lake lina hesabu, na nitaifanya polepole kwa sababu ninaamini ukiijua utaweza kuwauliza wahusika swali ambalo hawatalikwepa.

Mabehewa ya reli ya zamani yalitengenezwa sakafu yake ikiwa zaidi ya mita moja juu ya reli, na vidato vya chuma vikawekwa mlangoni ili mtu aweze kupanda hata akiwa ardhini. Kanuni inayokubalika katika nchi nyingi ni kwamba mteremko wa kiti mwendo usizidi uwiano wa 1 kwa 12, maana yake kila sentimita 1 ya kimo inahitaji sentimita 12 za urefu. Ukitaka kupandisha mita 1 utahitaji mteremko wa mita 12, na hapo bado hujaweka sehemu tambarare ya kupumzikia katikati. Mteremko wa mita 12 hauwezi kuwekwa mbele ya kila mlango wa treni. Tena mteremko mkali zaidi ya huo, kama ule wa mbao ambao wasamaria wema huutengeneza wakidhani wamesaidia, humrudisha mtu nyuma au kumwangusha.

Kwa hiyo si mteremko unaohitajika kwanza. Kinachohitajika ni jukwaa lililoinuliwa, halafu mteremko wa kulipandia jukwaa hilo, ambao unaweza kujengwa mwishoni mwake mahali penye nafasi. Mfano uko hapa hapa mjini. Mabasi ya mwendokasi yalipoanza kati ya Kimara na Kivukoni mwezi Mei 2016, vituo vyake vilijengwa na sakafu iliyoinuliwa ili abiria aingie ndani ya basi kwa usawa, bila kupanda kidato. Unaweza kuulalamikia msongamano wa mwendokasi mpaka kesho, nami nitakuunga mkono, lakini kimo cha sakafu yake kilipangwa vizuri, na wasafiri wenye magongo tuliuona mwanga huo siku ya kwanza.

Mafundi wa reli watakujibu kwamba basi la mwendokasi lina njia yake peke yake, ilhali kwenye reli ya kati hupita pia treni za mizigo, na jukwaa refu likiinuliwa karibu na reli linaweza kugongwa na mabehewa mapana ya mizigo. Jibu hilo ni la kweli, lakini halifungi mjadala. London, ambako treni za chini ya ardhi zilianza mwaka 1863 na majukwaa ya zamani hayalingani na mabehewa ya sasa, waliinua kipande tu cha jukwaa katika baadhi ya stesheni, mahali ambapo mlango wa behewa maalumu husimama kila siku. Marekani, kwenye stesheni zenye majukwaa ya chini, hutumia pia kifaa cha kunyanyulia kiti mwendo, chenye magurudumu yake, ambacho mhudumu hukisukuma hadi mlangoni na kumpandisha abiria. Kuna na ubao wa kukunja wa kuzibia mwanya, unaokaa ndani ya behewa lenyewe. Njia zote hizo zina sharti moja ambalo halihitaji fedha za kigeni: dereva asimamishe treni mahali palepale kila siku, na kondakta asubiri mpaka abiria aketi. Ukiwaandikia wahusika, usiwaombe mteremko. Waombe kipande cha jukwaa kilichoinuliwa katika vituo viwili au vitatu vyenye abiria wengi, alama ya rangi ardhini panaposimama mlango huo, na behewa moja linalojulikana.

Umeandika kwamba vijana hukubeba, nawe unawashukuru. Mimi pia nimebebwa, mara nyingine kwa heshima na mara nyingine kama gunia la mkaa, na sijawahi kumtukana aliyenibeba, kwa maana alinikuta katika shida ambayo hakuitengeneza yeye. Lakini ninakataa mtu yeyote wa ofisini aniambie kwamba tatizo halipo kwa sababu Watanzania ni wakarimu. Anayebebwa hachagui mkono unaomshika unapita wapi, na kwa dada zetu hilo ni jambo zito. Simu yake huenda ikaibiwa akiwa juu ya mabega ya watu, na siku vijana hao wakichelewa kuamka, yeye haendi kazini. Ukarimu wa abiria wenzetu ni wa kwao, na shirika la usafiri lisiuhesabu kama huduma yake.

Nina ualbino na uoni hafifu, na rafiki yangu haoni kabisa. Katika kituo kimoja cha hapa mjini sakafuni kuna vigae vya njano vyenye vinundu na mistari, na wachuuzi wameweka juu yake ndoo na meza. Tulipowaomba wasogee, mmoja alisema ni mapambo. Naomba uwaeleze. (Msomaji wa Buguruni)

Nitawaeleza, nikianza na historia, kwa sababu anayejua kitu kilikotoka hukiheshimu zaidi. Vigae hivyo vilibuniwa na Mjapani aitwaye Seiichi Miyake, na viliwekwa kwa mara ya kwanza mwezi Machi 1967 katika mji wa Okayama, kwenye njia ya kuvukia barabara karibu na shule ya wasioona. Baadaye reli za Japani zikavichukua, na kutoka huko vikaenea duniani. Vina lugha yake, nayo ni rahisi: mistari mirefu inamaanisha endelea kuelekea upande huu, na vinundu vya mviringo vinamaanisha simama, mbele kuna jambo, ama ukingo wa jukwaa, ama ngazi, ama njia panda. Asiyeona huvisoma kwa nyayo na kwa ncha ya fimbo nyeupe.

Rangi ya njano haikuchaguliwa kwa urembo. Imewekwa kwa ajili yako wewe mwenye uoni hafifu, ambaye huenda huoni kigae lakini unaona tofauti kati ya njano na kijivu cha sakafu. Ndiyo maana ninasikitika kila ninapoona vigae vya namna hiyo vimetengenezwa kwa rangi ileile ya sakafu ili jengo lipendeze machoni pa mchoraji. Hapo nusu ya watumiaji wake imeondolewa. Kosa jingine, ambalo ni baya zaidi, ni kuviweka vikielekea kwenye nguzo au kukatisha ghafla kabla ya ukingo, kwa sababu asiyeona huamini anachokikanyaga kama wewe unavyoamini taa za barabarani.

Kwa wachuuzi ninasema hivi: ninajua biashara haina mahali pa kwenda, na mimi hununua karanga zenu. Lakini ndoo iliyowekwa juu ya mistari ile ni sawa na jiwe lililowekwa katikati ya barabara ya Morogoro usiku. Sogeeni hatua moja. Na msimamizi wa kituo anayewaangalia wachuuzi kila siku bila kuwaambia neno, yeye ndiye wa kulaumiwa kwanza.

Mimi ni kiziwi. Stesheni nyingi hutangaza kwa vipaza sauti tu. Jukwaa likibadilishwa, mimi nabaki nimesimama nikitazama watu wakikimbia. Nifanye nini? (Msomaji wa Temeke)

Kila linalotangazwa kwa sauti lionekane pia kwa maandishi, kwenye ubao wa kielektroniki au, ukikosekana, kwenye ubao wa kawaida na chaki. Hakuna stesheni maskini kiasi cha kukosa chaki. Kwa sasa, unapofika, muoneshe mhudumu wa jukwaa tiketi yako pamoja na maandishi kwenye simu yanayosema kwamba wewe ni kiziwi na unaomba akuite kwa mkono endapo kutakuwa na mabadiliko, kisha kaa mahali anapoweza kukuona. Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA, ndicho cha kushirikiana nacho katika kudai wahudumu wafundishwe walau lugha ya alama ya kuulizia tiketi, saa, jukwaa na dharura.

Mhariri, msikasirike. Nchi yetu bado inajenga. Watu wenye ulemavu wanaopanda treni ni wachache, na lifti ni ghali kununua na ghali kutunza. Si bora fedha hizo zinunue mabehewa zaidi, tukasafiri wengi? (Mlipa kodi, Mbezi)

Sikasiriki, ndugu yangu, kwa sababu umeandika wazi jambo ambalo wengine hulisema vikaoni kwa lugha ya kuzunguka. Unasema abiria wenye ulemavu ni wachache. Nenda ukasimame kwenye ngazi za stesheni yoyote isiyofikika na utaona kweli ni wachache, kama vile ukisimama kwenye kisima kikavu utaona wanywaji ni wachache. Idadi ya waliofika haiwezi kuwa kipimo cha idadi ya waliotaka kufika.

Kuhusu gharama, jambo linaloumiza mfuko ni kujenga bila lifti, kisha kuja kuiweka baadaye. New York ilianza treni zake za chini ya ardhi mwaka 1904. Sheria ya Marekani ya haki za watu wenye ulemavu ilipopitishwa mwaka 1990, mji ulijikuta na mamia ya stesheni ambazo kuziwekea lifti kunamaanisha kuchimba chini ya majengo, mabomba na nyaya za watu. Baada ya kesi za miaka mingi, mwaka 2022 mamlaka ya usafiri ya huko ilikubali kwamba stesheni zilizobaki, walau asilimia 95 ya zile zisizofikika, zitafikika ifikapo mwaka 2055. Mtoto anayezaliwa leo atakuwa mtu mzima kabla deni hilo halijalipwa. Paris ilifungua metro yake mwaka 1900, na njia yake ya kwanza kujengwa ikiwa na lifti katika kila stesheni, njia namba 14, ilikuja mwaka 1998.

Linganisha na reli ya BART ya eneo la San Francisco, iliyofunguliwa mwaka 1972. Mtu mmoja aitwaye Harold Willson, aliyekuwa akitumia kiti mwendo baada ya ajali ya mgodini, aliwafuata wasanifu wakati michoro ikiwa bado mezani, akawang'ang'ania mpaka lifti zikaingizwa katika mpango. SGR yetu, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024 na kufika Dodoma mwezi Julai mwaka huohuo, ina bahati hiyo ya kuwa mpya, na kila kituo kinachoendelea kujengwa kuelekea Tabora na Mwanza ni michoro ambayo bado inaweza kusahihishwa kwa kalamu.

Wapo wanaotetea lifti kwa kusema kwamba zinawasaidia pia wajawazito, wazee, na mama aliyebeba mtoto mgongoni na ndoo ya samaki mkononi. Ni kweli, tena ukikaa karibu na lifti utaona wengi wa wanaoingia ni hao. Ila mimi huitumia hoja hiyo kwa uangalifu, kwa sababu sitaki haki yangu ya kupanda treni itegemee kwanza kama wewe nawe utafaidika. Nimelipa kodi ileile iliyonunua mabehewa unayoyataka.

Niliambiwa na mhudumu wa stesheni moja kwamba mtu mwenye kiti mwendo lazima atoe taarifa siku moja kabla, la sivyo hasaidiwi. Je, ni halali? Na nikitaka kulalamika niende wapi? (Msomaji wa Kigamboni)

Kuomba taarifa mapema si kosa. Kukataa kumsaidia aliyefika bila taarifa ndilo kosa, kwa maana abiria wengine hawalazimiki kujua jana kwamba leo watafiwa. Na hata taarifa yenyewe haina uhakika. Mwezi Agosti 2024 Tanni Grey-Thompson, bingwa wa zamani wa Paralimpiki mwenye medali 11 za dhahabu na mjumbe wa Baraza la Malodi la Uingereza, alikuwa amejiandikisha kupata msaada, akakosa treni aliyoipanga, akapanda iliyofuata. Alipofika stesheni ya King's Cross jijini London hakuja mtu na ubao wa kushushia, na baada ya kungoja alijikokota mwenyewe hadi jukwaani, akiwa njiani kwenda kwenye michezo ya Paralimpiki ya Paris. Kama yeye, anayejulikana nchi nzima, aliachwa ndani ya behewa, usidhani jina lako kwenye daftari la mhudumu litakushusha. Mtu wa kumsaidia abiria awe zamu muda wote treni zinapopita.

Kuhusu haki yako, Tanzania iliridhia mwaka 2009 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ambao ibara yake ya 9 inazitaka nchi ziondoe vikwazo katika majengo, barabara na usafiri, mijini na vijijini. Mwaka uliofuata Bunge lilitunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010, ambayo nayo inadai huduma na majengo ya umma yafikike. Kwa hiyo unapoandika malalamiko huombi fadhila.

Anza na uongozi wa stesheni, kwa maandishi, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Andika tarehe, saa, jina la stesheni, namba ya treni, na ulichoambiwa kwa maneno yaleyale; weka picha ya lifti iliyofungwa au ngazi iliyokuzuia, lakini usiweke sura ya mhudumu, kwani unayemlalamikia ni mwajiri aliyempa utaratibu huo. Usipojibiwa, peleka nakala kwa Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA, ambayo husimamia reli pamoja na mabasi na hupokea malalamiko ya abiria. Nakala nyingine ipeleke SHIVYAWATA, shirikisho la vyama vya watu wenye ulemavu, kwa sababu barua moja husomwa kama bahati mbaya ya mtu mmoja, na ishirini zenye jina la stesheni ileile huitiwa kikao. Ukitaka, tuletee na sisi nakala ya barua yako bila jina lako, nami nitakwenda stesheni hiyo na magongo yangu, siku ya kazi, bila kutoa taarifa.